Mtani Aliyekalia Viatu

Umewahi kumdanganya mtoto ili usiyaone machozi yake? Usijibu haraka. Wazazi wema, wanaoswali na kufunga, wanaojinyima ili watoto wavae, wamelifanya hilo na wakalala usingizi wao vizuri. Kule Gorikane, mkoa wa Kayes nchini Mali, ambako kila ukoo una mguu mmoja shambani na mwingine Ufaransa, jambo hilo lilikuwa limeanza kuwa desturi. Na desturi mbaya ni kama kupe, haitoki kwa kupapaswa. Sharti ing'olewe. Aliyeing'oa hakuwa imamu wala mwalimu wala kiongozi wa chama cha wasafiri. Alikuwa Waly Traoré, mwanamume aliyeoa mara nyingi kuliko wote pale kijijini, ingawa wake wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wa watu wengine.

Mambo yalianza hivi. Waly alizaliwa wa mwisho katika ndugu watatu. Wakubwa wake walipokwisha kushika njia, mmoja baada ya mwingine, baba yao alimwita akampa jembe.

"Wewe utabaki," alisema. "Nyumba isiyo na mwanamume wa kufunga mlango ni zizi."

Waly akabaki. Hakuulizwa anataka nini, kama vile kaka zake nao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Ndivyo mambo yanavyopangwa Gorikane: wengine huzaliwa na mabawa, mmoja huzaliwa na mizizi, na anayegawa ni baba. Walioondoka hupigiwa makofi wakirudi likizo. Aliyebaki hupigiwa simu.

Na Waly alipigiwa simu kweli kweli. Kijana aliyekuwa akichanganya saruji nje ya jiji la Paris alipotaka kumwoa binti wa Gorikane, hakuwa na ruhusa ya kazini wala karatasi za kumvusha mpaka na kumrudisha. Alimpigia Waly. Waly akavaa kanzu yake pana ya buluu, akaketi mbele ya imamu, akasema, "Nimekubali kwa niaba yake." Mtoto akizaliwa kijijini na babake yuko mbali, Waly ndiye aliyempakata siku ya kunyolewa na kutajwa jina. Mzee akifa, Waly ndiye aliyeketi kwenye mkeka kupokea rambirambi, akilia kwa niaba ya watoto wanne walioko ng'ambo, na watu husema alilia kwa haki, hakumpunja yeyote. Nyumba za ghorofa zilizojengwa na wasiokuwepo, zenye vigae na roshani na popo, funguo zake zilikuwa kiunoni mwa Waly. Kila Ijumaa alizifungulia madirisha zipumue.

Mkewe, Kandé, alikuwa na lake la kusema.

"Leo unaoa nani?"

"Binti wa kina Sissoko."

"Mzuri?"

"Sijamtazama. Si wangu."

"Basi nenda. Ila mwambie mwenye mke kwamba nimemwazima mume, na sijamkodisha. Nataka nimwone hapa kabla kuskusi haijapoa."

Katika wote waliowakilishwa na Waly, hakuna aliyekuwa karibu naye kama Hamé Diarra. Walizaliwa msimu mmoja, nyumba zao zikitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, na zaidi ya hayo walikuwa watani. Traoré na Diarra wanataniana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka na kila mtu anazisimulia. Traoré humwambia Diarra kwamba ukoo wake ni wa wala kunde. Diarra humjibu kwamba kunde zenyewe waliziiba kwa kina Traoré, wakazikuta zimekwisha kutafunwa. Lakini utani si mchezo mtupu. Mtani hakasirikiwi. Mtani akiomba jambo mbele za watu, humkatalii. Watu wanaweza kuchomoleana visu sokoni, akitokea mtani wao akaketi katikati na kusema "nina njaa," visu hurudi alani. Serikali ngapi zimepita, na hakuna hata moja iliyowahi kutunga sheria yenye nguvu kama hiyo.

Wakiwa na miaka kumi na tisa, Hamé aliondoka. Aliondoka kama walivyoondoka wote, kwa siri. Gorikane msafiri haagi. Anayeaga, husema watu, hushikwa miguu na maneno ya wenye kijicho, na njia yenyewe ilikuwa na jangwa na askari na bahari, haikuhitaji kuongezewa husuda. Kwa hiyo kijana hulala nyumbani kwao kama kawaida, na alfajiri mkeka wake uko mtupu. Yule aliyeaminiwa siri ndiye anayekwenda kwa mama.

Aliyeaminiwa alikuwa Waly. Asubuhi ile alimkuta mama yake Hamé, Bi Tako, akitwanga uwele.

"Mama," alisema, "Hamé amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda."

Bi Tako hakulia. Aliendelea kutwanga. Alitwanga mpaka unga ukawa vumbi, na vumbi likapeperuka, naye akaendelea kupiga kinu kitupu, tu, tu, tu, na Waly amesimama pale hajui aondoke au akae. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya uwakilishi. Harusi na majina vilikuja baadaye.

Miaka ikapita. Hamé alipata karatasi, akapata kazi ya kuosha vyombo usiku katika mkahawa mkubwa, akapata mke, Assa, aliyesafisha ofisi za watu kabla hakujapambazuka. Siku mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, simu ya Waly ililia.

"Mtani! Amezaliwa!"

"Mwanamume au mla kunde?"

"Mwanamume. Na nimempa jina lako. Anaitwa Waly."

Waly aliketi chini palepale alipokuwa, juu ya gunia la mbegu. Kumpa mtu somo ni kumpanda mara ya pili. Mtoto aliyepewa jina lako si wa kufanana nawe tu. Ndiye wewe, anakwenda na heshima yako na haki zako. Jina likiwa la babu, mtoto huyo hata baba yake humwamkia "baba."

"Umejiharibia nyumba, Diarra," alisema Waly. "Umemwingiza Traoré ndani, tena umemweka kitandani kwako."

"Ndiyo shida yangu. Nimezaa mtani! Tangu azaliwe anakula tu, wala hasemi asante. Damu ya Traoré hiyo."

Tangu hapo kila sikukuu Hamé alimwekea mtoto simu sikioni akamwambia, "Mwamkie somo yako, yule bingwa wa kunde," na kwa miaka kumi na mitatu Waly Traoré alimlea Waly Mdogo kwa masikio.

Mwaka huo, mvua zilipoanza, Hamé alikuja likizo pamoja naye. Waly Mdogo alishuka garini akiwa mrefu kama bua la uwele, na viatu vyeupe ambavyo Gorikane ilivimaliza kabla ya magharibi. Siku za kwanza alilalamikia joto, nzi, choo na chura aliyemkuta bafuni. Kisoninke chake kilikuwa cha jikoni kwa mama yake, kizuri katika kuomba chakula na kibovu katika kila jambo lingine. Kisha, bila mtu kutangaza, kijana akabadilika. Alijifunza kuendesha mkokoteni wa punda. Alipewa mwanambuzi na nyanya yake, akamwita Lifti, kwa sababu kama lifti ya jengo lao kule, alikwenda alipotaka mwenyewe. Kila jioni alikuja kwa somo yake kupika chai, glasi ya kwanza chungu, ya pili ya wastani, ya tatu sukari tupu, na Kandé alimwambia, "Chai yako, mume wangu mdogo, ni nzuri kuliko ya yule mkubwa. Subiri nimwache."

Likizo ikafika ukingoni. Adhuhuri ya siku ya mwisho Waly alikuwa katika ghorofa ya mtu mmoja aliye Lyon, akifungua madirisha na kufagia mavi ya popo, Hamé alipopanda ngazi na kuja kusimama mlangoni.

"Mtani, kesho naondoka."

"Najua. Gari la Kayes, baada ya swala ya alfajiri. Nitakubebea begi, maana ninyi mkishiba kunde migongo huwalegea."

Hamé hakucheka. Waly aliweka ufagio chini. Diarra asiyejibu utani ama ni mgonjwa, ama ana jambo analificha.

"Naondoka kabla ya gari," alisema Hamé. "Kuna kijana atanipeleka kwa pikipiki mpaka barabara kubwa. Kabla mtoto hajaamka."

"Kabla mtoto hajaamka? Si mnaondoka wote?"

"Anabaki."

Popo mmoja alitoka chini ya dari, akazunguka chumbani, akarudi alipotoka.

"Shuleni wamemfukuza," Hamé aliendelea, akitazama vigae. "Kapigana. Na kabla ya hapo kapigana. Mimi nalala mchana, Assa hayupo alfajiri, anayemwona akitoka nani? Anayemwona akirudi nani? Marafiki zake wote wako kule chini ya ngazi za jengo. Nimeogopa, Waly. Hapa kuna mama, kuna wewe, kuna watu watakaomwuliza anatoka wapi. Na kule wote wanafanya hivi. Unamleta likizo, unamwacha, akili inamrudi."

"Yeye anajua?"

"Akijua ataning'ang'ania. Nikimwona analia sitapanda gari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe utamwambia. Kesho, akiamka. Wewe ni somo yake, anakupenda. Umeniwakilisha kwenye harusi, umeniwakilisha kwenye maziko ya baba. Niwakilishe na hapa. Sitakuomba jingine."

Waly alifunga dirisha alilokuwa ameshalifungua, kisha akalifungua tena.

"Nitakujibu jioni," alisema.

Ni rahisi kumlaani Hamé. Lakini mtu anayeosha sahani za wageni usiku kucha ili mwanawe asome, halafu anaitwa shuleni kuambiwa mwanawe hafai, huyo si mkatili. Ni mwoga aliyechoka. Ukatili uko kwingine: katika maisha yanayomlazimisha mtu kuchagua kati ya kumlisha mwanawe na kumwona, kisha yanampa lawama kwa kuchagua kumlisha. Hilo lituume sisi sote. Ila woga ni woga, na mtoto si mbuzi wa kufungwa kwenye mti usiku, aamke ajikute pale.

Waly alikuwa njiani kurudi nyumbani, funguo zikilia kiunoni, Waly Mdogo alipomkimbilia, Lifti akivutwa nyuma kwa kamba na kukataa kwa miguu yote minne.

"Somo! Nimeshafunga begi. Nimemwekea mama karanga. Na rafiki yangu nimemchukulia jiwe la bwawani, lile jekundu. Unafikiri uwanja wa ndege wataninyang'anya?"

"Jiwe? Walinyang'anye la nini, hawana mawe?"

"Na Lifti? Utamtunza mpaka nirudi mwaka kesho?"

Macho ya mtoto yalikuwa meupe, wazi, hayana hata kivuli cha shaka. Waly alijisikia kama mtu aliyeshikwa akiiba.

"Nitamtunza," alisema, na neno hilo likamwasha ulimi kama pilipili, kwa maana alijua tayari limekuwa nusu ya uongo wa kesho. Akakumbuka kinu kitupu. Tu, tu, tu. Palepale alijua atakalofanya, ila hakujua atalifanyaje. Kwenda kwa mtoto na kumwambia yeye mwenyewe kungekuwa kule kule kumfanyia Hamé kazi, mapema tu kidogo. Kumshitaki Hamé kwa Bi Tako kungekuwa umbeya. Alifika nyumbani, akavua kandambili zake mlangoni, akazitazama.

"Unaziaga?" Kandé aliuliza.

"Kandé," alisema Waly, "mtu hawezi kwenda Ufaransa bila viatu, sivyo?"

"Umechomwa na jua wewe. Njoo unywe maji."

Jioni, baada ya swala ya alasiri, ua wa kina Diarra ulijaa watu waliokuja kumtakia Hamé safari njema. Siku hizi wenye karatasi huagwa, ingawa saa ya kuondoka hawaitaji. Bi Tako aliketi kwenye kiti chake kifupi, mdogo kama mtoto, akigawa kuskusi ya uwele na mchuzi wa majani ya karanga. Waly Mdogo alikuwa kwenye jiko la mkaa, akimimina chai kutoka juu ili itoe povu. Ukingoni mwa mkeka palipangwa kandambili za Gorikane nzima, na katikati yake, ving'avu kama mende wawili, viatu vyeusi vya ngozi vya Hamé. Hakuwa na vingine. Alivyokuja navyo vya wazi alishavigawa, kama ilivyo desturi ya siku ya mwisho.

Waly aliingia, akasalimia, akaviokota vile viatu, akaviweka mkekani, akavikalia.

Watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo.

"Diarra," alisema, "nimesikia unasafiri."

"Umesikia vizuri. Toka kwenye viatu vyangu, mla kunde."

"Viatu gani? Mimi nimekalia kunde zangu. Ninyi kina Diarra mtu akiketi tu mnadhani amewaibia."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja alipaliwa na chai.

"Mpeni kitu huyu aondoke," alisema Hamé, akicheka naye. "Mpeni sukari. Mpeni mfupa."

"Mfupa sitaki. Traoré anaomba jambo moja, mbele ya watu hawa. Diarra akilikataa, basi aende Ufaransa miguu mitupu, na theluji imuulize jina la ukoo wake."

"Omba."

Waly alimtazama usoni. Sauti yake haikubadilika, ilibaki ya utani, ila Hamé aliacha kucheka.

"Kuna maneno ulinipa leo adhuhuri nikutunzie. Mazito, mtani. Mimi nimebeba maharusi wako, nimebeba maiti wako, kichwa changu kimechoka. Haya yashike mwenyewe. Mchukue somo yangu, mwende mkatembee mpaka bwawani, umpe mwenyewe kwa mdomo wako. Mkirudi, viatu viko hapa."

Waliokuwa na glasi mkononi hawakunywa. Hamé aligeuka rangi, na kwa muda mfupi jicho lake lilikuwa jicho la mtu anayetaka kupiga. Lakini atampiga nani? Mtani hakasirikiwi. Na ua mzima ulikuwa umesikia ombi.

"Waly," alisema kwa sauti ya chini, "usinifanyie hivi. Atalia."

"Na alie. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Hapo Bi Tako aliweka chini upawa. Hakuuliza ni maneno gani. Alimtazama mwanawe, akamtazama Waly, akaangalia begi la mjukuu wake lililokuwa limefungwa vizuri mlangoni, na akaelewa yote, kama wanavyoelewa watu waliowahi kufanyiwa.

"Hamé," alisema, "siku uliyokwenda mimi niliambiwa na huyu hapa. Alikuwa kijana, midomo inamtetemeka. Nilimsamehe yeye siku hiyohiyo. Wewe ilinichukua muda." Akachukua upawa wake. "Nenda na mwanao. Chakula nitawafunikia."

Hamé Diarra akainuka, miguu mitupu, akamwendea mtoto aliyekuwa bado ameshika birika hajui kinachoendelea, akamshika bega.

Kutoka uani mpaka bwawani si mbali, na ukisimama kwenye kizingiti unaona kila kitu na husikii chochote. Waly alisimama pale, viatu kwapani. Aliwaona wawili hao wakienda bega kwa bega. Aliwaona wakisimama ukingoni. Hamé alizungumza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha kijana alirudi nyuma hatua kadhaa kama aliyesukumwa, akaokota jiwe akalirusha majini, akaokota jingine, na jingine, na sauti yake ya kuvunjika ikapaa juu ya mtama mpaka kunguru wakaruka. Alikwenda zake kando ya bwawa, mbali. Hamé hakumfuata wala hakurudi. Aliketi chini kwenye matope na kanzu yake safi, akangoja. Na baada ya muda, polepole, kwa kuzunguka kama Lifti anavyozunguka ukimwita, kijana alirudi akaketi. Si karibu. Ila aliketi. Wakabaki hivyo mpaka adhana.

Waliporudi, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Waly Mdogo alimpita somo yake bila neno, akalichukua begi lake mlangoni, akaliingiza ndani, akasikika akilitupa. Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, alitoka akaja kusimama mbele ya Waly.

"Ulijua?"

"Tangu adhuhuri."

"Nilipokuuliza kuhusu Lifti ulijua?"

"Nilijua. Nisamehe kwa hilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu halikuwa langu la kukwambia. Lingetoka kwangu, ungekuwa na baba aliyekukimbia. Sasa una baba aliyekukosea. Wa pili anatengenezeka."

Kijana alilitafakari hilo, akifuta pua kwa mkono wa shati.

"Anasema mwaka mmoja. Anasema mvua zikirudi atakuja, na kama nikitaka kurudi, nitarudi. Nimemwambia mimi mwenyewe ndiye nitaongea na mama kila Jumapili, si kupewa simu dakika mbili kusema nimeshiba. Amekubali." Akamtazama baba yake aliyekuwa ng'ambo ya ua. "Lakini watu wazima hukubali tu."

"Ni kweli. Hukubali tu."

"Sasa nitajuaje?"

Waly alivihamishia viatu kwapa la pili. Kijana alimtazama, akatazama viatu vilivyokuwa kwapani mwake.

"Somo, hiyo ya viatu. Mtu yeyote anaweza kuifanya?"

"Mtani tu."

"Ah," alisema Waly Mdogo, akaingia ndani kulala.

Waly alimrudishia Hamé viatu vyake. Hamé alivipokea, akavipangusa kwa kiganja.

"Nilitaka kukupiga leo," alisema.

"Nilikuona."

"Ningekupiga na kiatu chenyewe."

"Ndiyo maana nilikikalia."

Hamé akacheka, mara ya kwanza tangu alasiri, akacheka mpaka ikabidi ashike ukuta. Kisha akasema ataondoka na gari, kama watu.

Kesho yake, jua halijatoka, gari la Kayes lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, injini ikikohoa, utingo akifunga mizigo juu ya paa. Waly alifika na begi la mtani wake begani kama alivyoahidi. Bi Tako alikuwepo, amejitanda shuka jipya. Tangu azaliwe hakuwahi kumsindikiza mtu wa kwake mpaka garini, maana hakuwahi kuambiwa saa, na alikuwa amejipaka wanja. Kandé alimshika mkono.

Hamé akatokea kwenye uchochoro. Alikuwa amevaa suti ya safari na shati jeupe, na chini, miguu mitupu.

"Nani kachukua viatu vyangu?" alipiga kelele. "Waly! Wewe mzee huna aibu, jana hukutosheka?"

"Mimi? Haki ya Mungu mikono yangu hii hapa."

Ndipo akatokea Waly Mdogo kutoka nyuma ya gari, akimvuta Lifti. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, vikubwa, visigino vikielea kama mitumbwi. Kwa, kwa, kwa, alikuja mpaka mbele ya baba yake.

"Vivue," alisema Hamé. "Gari linaondoka."

"Nitakupa mvua zikirudi. Ukija."

"Waly, mimi ni baba yako! Mtoto hamtanii baba yake!"

"Mtoto hapana," alisema kijana, wala hakurudi nyuma. "Lakini mimi ni nani? Ulinipa jina la nani? Mimi ni Waly. Waly ni mtani wako. Na mtani anaomba mbele za watu."

Dereva alizima injini ili asikie vizuri. Abiria walitoa vichwa madirishani. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha kuku alisema, "Kasema kweli huyo, somo ni somo," na wengine wakadakia, "Kweli! Kweli! Diarra, umepatikana!" Hamé alimgeukia mama yake amwokoe, na Bi Tako alikuwa amejifunika uso kwa shuka, mabega yanaruka kwa kicheko.

Hamé Diarra akatazama miguu yake mitupu. Kisha akamvuta mwanawe kwake, viatu na mbuzi na vyote, akamkumbatia kwa nguvu hadharani, jambo ambalo wanaume wa Gorikane hawalifanyi, na akakaa hivyo mpaka utingo akapiga bati.

Waly alivua kandambili zake, za plastiki ya kijani, moja imeshonwa kwa waya, akaziweka mbele ya miguu ya mtani wake.

"Vaa. Nimekuwakilisha kila mahali, sasa na miguuni."

"Nitashuka Paris na hizi?"

"Ukiulizwa sema ni za kifalme. Sema ni za Traoré."

Hamé akazivaa, akapanda. Gari likatoka likirusha matope, na lilipofika kwenye kona ya msikiti, kichwa chake kikachomoza dirishani.

"Mla kundeee!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote.

Barabarani, mmoja miguu mitupu na mwingine ndani ya viatu vikubwa, Waly wawili wakainua mikono kwa pamoja na kuitika.